Bonsai ya ndoto yako yaanzia kwenye chungu cha kawaida

JE, msomaji, umewahi kuona picha ya msonobari uliozeeka, shina limejipinda, magamba yamepasuka na matawi yameinama kana kwamba yamepigwa na upepo kwa miaka mia tatu, kisha ukagundua kuwa mti huo wote hauzidi urefu wa mkono wako na umesimama ndani ya sinia? Ikiwa umewahi, yamkini ulifanya wanavyofanya wengi. Uliitazama picha ile mara ya pili, ukaikata kwenye kalenda au ukaihifadhi katika simu, ukajiambia moyoni kwamba siku moja utakuwa na mti kama huo.

Huenda si uzuri wa picha tu uliokuvutia. Huenda daktari alikupima shinikizo la damu akatikisa kichwa. Akakuandikia dawa, akakukataza chumvi nyingi, akakuhimiza utembee kwa miguu, kisha akakwambia upunguze mawazo. Dawa unajua pa kuzinunua. Lakini mawazo hupunguzwa wapi? Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unagombania matatu, unakwama katika msongamano wa magari, na jioni unarudi nyumbani ukihesabu karo, kodi ya nyumba na mkopo wa sako. Mti mdogo mtulivu, uliokwisha kuona mengi kuliko wewe, waonekana kuwa jibu.

Ndoto hiyo si ya kipuzi hata kidogo. La kusikitisha ni kwamba wengi huikosa kwa sababu wanataka kuununua mti uliokwisha kuzeeka, ilhali kinachomfaa mtu kiafya ni ile kazi ya kuulea. Na kazi hiyo unaweza kuianza wiki hii, hata kama unaishi kwenye fleti ya chumba kimoja yenye roshani ndogo.

BONSAI NI NINI?

Neno bonsai ni la Kijapani, na maana yake ni mmea uliopandwa katika chombo kifupi mfano wa sinia. Sanaa yenyewe ilianzia Uchina, ikavuka bahari hadi Japani, na huko ikakuzwa kwa mamia ya miaka.

Watu wengi hudhani kuwa bonsai ni aina fulani ya mti mbilikimo. Sivyo. Mbegu ya bonsai ni ile ile ya mti mkubwa. Ukiutoa chomboni na kuupanda shambani, utaanza kurefuka kama wenzake. Kinachoufanya ubaki mdogo ni mikono ya mtunzaji. Mizizi hupunguzwa kila baada ya miaka michache, machipukizi hukatwa yakiwa machanga, na matawi huzungushiwa waya ili yafuate upande unaotakiwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Maneno yao yanafaa kabisa hapa, kwani tawi lililokomaa huvunjika likilazimishwa.

Wengine hudhani kuwa mti huo huteswa kwa njaa na kiu. Hilo pia si kweli. Mti ulionyimwa maji na mbolea hufa. Haufikishi miaka mia mbili. Bonsai nyingi zimeishi miaka mingi kwa sababu kila siku kuna mtu aliyezitazama, akazigusa udongo na kuziuliza zinahitaji nini.

MITI INAYOOTWA NA WENGI

Wapenzi wa bonsai duniani wana miti yao wanayoitaja kama mashabiki wa kandanda wanavyowataja wachezaji. Katika Kasri la Mfalme mjini Tokyo kuna msonobari unaoaminika kuwa na umri wa miaka 500 au zaidi, ambao katika karne ya 17 ulikuwa mikononi mwa mtawala Tokugawa Iemitsu. Tangu wakati huo umepita katika mikono ya watunzaji wengi ambao majina yao hayajulikani na umma.

Mti mwingine uko Washington, Marekani, katika jumba la taifa la kuhifadhia bonsai. Huo ni msonobari mweupe wa Japani ambao ulianza kutunzwa kama bonsai mwaka wa 1625. Asubuhi ya Agosti 6, 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, mti huo ulikuwa kwenye bustani ya familia ya Yamaki, umbali wa kilomita tatu hivi kutoka pale bomu lilipolipukia. Ukuta wa bustani uliukinga. Mwaka wa 1976 mzee Masaru Yamaki aliutoa kama zawadi kwa Wamarekani, miongoni mwa bonsai 53 zilizotoka Japani. Wageni walipita mbele yake kwa miaka 25 bila kujua ulikotoka. Siri hiyo ilijulikana mwaka wa 2001, pale wajukuu wa mzee huyo walipokwenda kuutazama mti wa babu yao.

Katika jumba hilo hilo kuna msitu mdogo uitwao Goshin. Uliundwa na John Naka, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, aliyeanza na miti miwili mwaka wa 1948. Baadaye miti ikaongezwa hadi ikafika 11, kila mmoja ukiwa kwa ajili ya mjukuu wake mmoja. Aliutoa msitu huo kwa jumba hilo mwaka wa 1984, na yeye mwenyewe akafariki mwaka wa 2004. Msitu wake ungali hai.

Mapenzi ya watu kwa miti hii yalidhihirika zaidi Januari 2019. Mume na mke wanaolea bonsai katika mkoa wa Saitama, karibu na Tokyo, waliibiwa miti saba. Mmojawapo ulikuwa wa jamii ya mtarakwa, uitwao shimpaku kwa Kijapani, wenye umri wa miaka 400 hivi. Mti huo peke yake ulikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya yeni milioni 10. Walioibiwa walimsihi mwizi hadharani jambo moja: aimwagilie miti hiyo maji.

Ombi hilo lina fundisho kwako. Aliyeulea mti anajua kwamba mti si pambo la kuweka kabatini. Ni kiumbe kinachokutegemea.

NDOTO INAYOFIA SEBULENI

Sasa tuseme umepata pesa kidogo na umeona mtarakwa mdogo wa Kijapani ukiuzwa katika chombo cha kupendeza, pamoja na mawe meupe yaliyobandikwa juu ya udongo. Unaununua, unauweka juu ya kabati karibu na televisheni na kuunyunyizia maji kila jioni. Wiki ya kwanza wapendeza. Mwezi wa kwanza bado wa kijani. Mwezi wa pili majani yanaanza kuwa ya kahawia na kupukutika ukiyagusa.

Mwandishi wa makala haya yalimkuta hayo hayo. Alidhani mti umeugua ghafla, kumbe ulikuwa umekufa zamani. Miti ya jamii hiyo hubaki ya kijani kwa wiki kadhaa baada ya mizizi kufa, na mwenye nyumba huendelea kumwagilia maiti bila kujua.

Sababu ya kifo ni rahisi. Mtarakwa na msonobari ni miti ya nje. Huhitaji jua kamili kwa saa nyingi, upepo, na udongo unaopitisha maji upesi. Sebuleni hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Na baadhi ya miti ya nchi za baridi, kama vile mepo wa Japani, huhitaji majira ya baridi kali ili ipumzike. Nairobi ina baridi ya Julai, lakini haina theluji. Mti usiopumzika hudhoofika mwaka baada ya mwaka.

Tamaa ya kupata mti uliokwisha kuzeeka ina hatari nyingine kubwa zaidi. Wako wanaoingia msituni au nyikani kuchimbua miti ya miaka mingi ili waigeuze bonsai. Mingi hufa kabla ya kushika mizizi. Isitoshe, sheria ya misitu ya mwaka wa 2016 hairuhusu mtu kutoa mti katika msitu wa umma bila idhini. Tuliona mwaka wa 2022 jinsi mibuyu mikubwa ya Kilifi ilivyong'olewa ili isafirishwe kwa meli hadi nchi ya Georgia, na jinsi Wakenya walivyolalamika hadi serikali ikaagiza uchunguzi. Mbuyu wa bonsai ulioupanda mwenyewe haumpokonyi mtu kitu.

UTAFITI UNASEMAJE?

Huenda unauliza: je, kuna ushahidi kwamba kukaa na miti kunamfaa mgonjwa, ama ni maneno ya wauza maua?

Ushahidi upo. Mwaka wa 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilazwa katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazamana na miti. Wenzao walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walirudi nyumbani mapema kwa karibu siku moja, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wale wa ukutani.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Uholanzi walichapisha uchunguzi mwingine. Watu 30 wenye mazoea ya kulima bustani walipewa kwanza kazi ya kuwachosha akili. Kisha baadhi yao walifanya kazi ya bustani kwa nusu saa na wengine wakakaa ndani kusoma. Homoni ya kotisoli, ambayo huongezeka mwilini mtu anapokuwa na wasiwasi, ilishuka kwa makundi yote mawili. Lakini ilishuka zaidi kwa wale walioshika udongo, na hao pia ndio waliorudiwa na furaha yao.

Japani nako, mwaka wa 2017, wagonjwa walioumia uti wa mgongo walionyeshwa bonsai kwa dakika moja tu huku wakipimwa. Vipimo vilionyesha kwamba mwili ulielekea kwenye utulivu.

Hata hivyo, usiyachukue haya kupita kiasi. Uchunguzi wa aina hii huhusu watu wachache na kwa muda mfupi. Hakuna daktari atakayekwambia kwamba bonsai hutibu shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa huzuni nzito. Ikiwa umeandikiwa dawa, endelea kuzimeza kama ulivyoagizwa. Vilevile, kupogoa mti ukiwa umeketi si mazoezi ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila wiki, na hilo mti hauwezi kukufanyia.

Basi mti hukupa nini? Hukupa robo saa kila asubuhi ambayo hakuna mtu anayekudai. Macho yanatulia mahali pamoja, vidole vinafanya kazi nyororo, na pumzi inakwenda taratibu bila kulazimishwa. Kwa mstaafu, hukupa sababu ya kuamka na kitu cha kusubiri mwezi ujao na mwaka ujao. Kwa aliyefiwa au anayeishi peke yake, ni kiumbe kimoja nyumbani kinachomhitaji. Utaona kwamba yote hayo hupatikana kwa anayeulea mti, wala si kwa anayeumiliki tu. Tajiri aliyenunua msonobari wa miaka 300 na kuajiri mtu wa kuutunza amepata pambo. Aliyepata utulivu ni yule aliyeajiriwa.

MITI YA HAPA KWETU

Habari njema ni kwamba miti yetu wenyewe yafaa sana kwa bonsai, na baadhi yake hutamaniwa hata na wageni.

Mugumo na ndugu zake wa jamii ya mkuyu ndio walimu bora wa anayeanza. Hushika mizizi kwa urahisi kutokana na kipandikizi, husamehe ukisahau kuwapa maji siku moja, na hustahimili kukaa karibu na dirisha kuliko miti mingi. Wakizeeka hushusha mizizi kutoka matawini kama ndevu. Kwa wengi katika eneo la kati mwa Kenya, mugumo ni mti wenye heshima ya mababu, na kuulea mdogo nyumbani kuna raha ya pekee.

Mbuyu hunenepa shina hata ukiwa chomboni, na baada ya miaka kadhaa huonekana mzee kuliko umri wake. Chukua mbegu kutoka katika tunda lenyewe, si yale mabuyu mekundu ya sukari yanayouzwa Mombasa, kwani hayo yamekwisha kupikwa. Ganda la mbegu ni gumu, kwa hiyo likwaruze kidogo kisha uiloweke katika maji moto kabla ya kuipanda. Wakati wa baridi mti hupukutisha majani. Usiogope, na usiumwagilie maji mengi wakati huo maana mizizi itaoza.

Mkwaju una majani madogo mno na magamba yanayopasuka mapema, na hupenda joto la pwani. Mzeituni mwitu hukua polepole lakini huvumilia makasi. Na ikiwa moyo wako bado uko kwa ule mti wa Kijapani, kumbuka kwamba tuna ndugu yake hapa. Mtarakwa wa milima yetu, ambao wengi wanaujua kama nguzo za ua, ni wa jamii ile ile ya shimpaku. Nunua mche wake kwenye kitalu na uuweke nje juani.

Waridi la jangwani nalo hupendwa kwa shina lake nene na maua yake ya waridi. Lakini soma kwanza tahadhari zilizo hapo chini kabla ya kulileta nyumbani kwenye watoto.

ANZA HIVI

Kwanza, nenda kwenye kitalu chochote cha miche kando ya barabara na uchague mche wa bei ya kawaida. Usitazame majani. Pangusa udongo kidogo kwenye shina na utazame linavyoingia ardhini. Shina lililo nene chini na jembamba juu, lenye mizizi iliyotawanyika pande zote, ndilo litakalopendeza baadaye.

Pili, usianze na sinia. Kosa la wengi ni kuutia mche mchanga katika chombo kifupi siku ya kwanza. Mti ukibanwa mapema shina halinenepi. Uache kwenye chungu kikubwa cha kawaida, au hata ndoo kuukuu iliyotobolewa, ukue kwa uhuru mwaka mmoja, miwili au mitatu. Huo ndio wakati wa kuujua.

Tatu, tengeneza udongo unaopitisha maji. Changanya kokoto ndogo sana au mchanga wa mto wenye punje kubwa pamoja na mboji. Ukimwaga maji, yapite na kutokea chini mara moja.

Nne, usimwagilie kwa saa wala kwa kalenda. Ingiza ncha ya kidole udongoni kila asubuhi. Kukiwa kumekauka kwa kina cha ukucha, mwagilia hadi maji yatoke chini. Kukiwa na unyevu, uache. Kidole chako kitakufundisha zaidi ya kitabu.

Tano, waya. Tumia waya laini wa shaba au alumini. Uzungushe kwenye tawi changa kwa mshazari, kisha ulikunje tawi kidogo kidogo. Likague kila wiki. Waya ukianza kuzama ndani ya gamba, uukate vipande vipande na kuutoa. Usiukunjue, utavunja tawi.

Sita, ukihamisha mti, usikate zaidi ya thuluthi moja ya mizizi kwa wakati mmoja, na uuweke kivulini kwa wiki mbili hadi tatu. Fanya hivyo msimu wa mvua unapokaribia, wakati mti una nguvu ya kuchipua.

TAHADHARI ZA KIAFYA

Kazi hii ni ya amani, lakini ina hatari zake ndogo ambazo hupuuzwa.

Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu inayodhuru moyo. Katika sehemu za Afrika Mashariki ulitumiwa na wawindaji kwenye mishale. Vaa glavu ukiupogoa, nawa mikono kwa sabuni, usijiguse macho, na uuweke mahali ambapo mtoto au mbwa hawezi kuutafuna. Utomvu mweupe wa jamii ya mkuyu si mkali kiasi hicho, lakini huwasha ngozi za watu wengine.

Udongo huweza kuwa na viini vya pepopunda. Ukijikata kwa makasi au kuchomwa na waya, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha uulize katika kituo cha afya kama chanjo yako bado ina nguvu. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa mwenye kisukari, ambaye vidonda vyake huchelewa kupona.

Kisahani kilicho chini ya chungu hutuamisha maji, na mbu huweza kukamilisha ukuaji wake humo katika muda wa wiki moja hivi. Kimwage kila siku. Wakazi wa pwani, ambako homa ya dengi imewahi kuzuka mara kadhaa, wawe waangalifu zaidi, kwani mbu waenezao homa hiyo hupenda vyombo vidogo kama hivyo.

Ukiwa na maumivu ya mgongo, weka mti kwenye meza inayofika kiunoni badala ya kuuinamia. Na ikiwa vidole vinakusumbua kwa baridi yabisi, tumia makasi yenye springi, fanya kazi kwa dakika kumi, kisha pumzika.

Mwisho, angalia mfuko wako. Bonsai imewafilisi watu. Ukinunua kwa mkopo mti wa kukutuliza, utakuwa umejiongezea kile kile ulichokuwa ukikikimbia.

NANI ATAUMWAGILIA BAADA YAKO?

Huenda una miaka 58, nawe unapiga hesabu. Mche wa leo utahitaji miaka kumi ili uanze kuwa na sura, na miaka thelathini ili uitwe mzee. Unajiuliza kama kuna faida ya kuanza kitu ambacho huenda usikione kimekamilika.

Kumbuka ule msonobari wa Washington. Aliyeanza kuutunza mwaka wa 1625 hakuuona ulivyo leo, wala mwanawe, wala mjukuu wake. Kila mmoja aliupokea kutoka kwa mkono mwingine, akauzuia usife zamu yake, akaupitisha mbele. John Naka naye alipanda kwa hesabu ya wajukuu. Hakuna aliyesubiri mti ukamilike ndipo aufurahie. Kila asubuhi ilikuwa na fungu lake la furaha.

Hivyo basi, unapoanza, mwite mjukuu au mtoto wa jirani akuone unavyoingiza kidole udongoni. Mfundishe kutofautisha udongo uliokauka na ulio na unyevu. Siku utakapolazwa hospitalini, au utakaposafiri kwenda mashambani kwa mazishi ya jamaa, kutakuwa na mtu wa kuumwagilia mti, na utakaporudi kutakuwa na jambo la kuzungumza naye ambalo si karo.

Ile picha uliyoikata kwenye kalenda usiitupe. Ibandike ukutani karibu na mche wako, upate kujua unakokwenda. Lakini jioni ya leo, ukishuka matatu, simama kidogo kwenye kitalu cha miche kilicho njiani na uulize bei ya mugumo. Subira huvuta heri, na yako inaweza kuanza kwa chungu kimoja cha plastiki.

Na ukienda kliniki mwezi ujao kupimwa shinikizo, nenda na dawa zako na kadi yako kama kawaida. Daktari akikuuliza umefanya nini kuhusu yale mawazo, utakuwa na jibu.